Nyekundu Yako Hiyo

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha tukae tuzungumze. Haya nitakayowaeleza sikuyasikia kwa watu. Yametokea barazani kwangu hapa Munje, mchana, jua linawaka, na mimi sina homa wala sijameza dawa ya aina yoyote. Wallahi sina haja ya kuzua. Kisa chenyewe kinanitia aibu mimi kuliko mtu mwingine yeyote, na mtu hazui cha kujiaibisha.

Lakini kwanza niwaambie tulivyolelewa, kwa sababu asiyelijua hilo hataelewa kilichonipata. Nyumbani kwetu, mtu akikusifia kitu chako, husemi asante. Asante ni ya vijana wa hotelini Diani, wale wanaofundishwa kutabasamu. Sisi tunasema "karibu", ama tunasema "yako hiyo". Mtu akikwambia leso yako nzuri, unamjibu, "Yako hiyo, mwenzangu." Naye atakwambia, "Ishi nayo wewe," na maneno yamekwisha, leso iko palepale kiunoni. Si kwamba umeitoa, ni heshima tu. Tangu nizaliwe sijapata kuona mtu aliyeambiwa "yako hiyo" akanyoosha mkono akaichukua. Mtu huyo ungemwita nani?

Binti yangu Mejumaa nilimfundisha heshima hiyo kwa kumfinya. Alikuwa na miaka sita, jirani akamsifia gauni lake la Idi, nacho kitoto kikajibu, "Asante." Lo! Nilimfinya paja hadi akaruka. "Sema lako hilo!" Akasema huku analia. Kuanzia siku ile hakukosea tena. Hata ukimwamsha usingizini ukamsifia mto anaolalia, atakwambia wako huo, kisha atarudi kulala. Na mimi nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba mwanangu ana adabu.

Sasa, kazi yangu ni kusuka mikeka. Nasuka ukili, ule ukanda mrefu wa miyaa, majani ya mkoma yaliyochanwa, kisha naushona ubavu kwa ubavu hadi uwe mkeka. Wako wengi wanaofanya kazi hii, sikatai, lakini nyekundu yangu ilikuwa na jina kutoka hapa hadi Ramisi. Rangi ilikuwa ni hiihii ya unga inayouzwa dukani Msambweni, kila mtu anainunua. Ila mimi nilijua kuipika. Nilijua chumvi kiasi gani, ndimu wakati gani, na miyaa ilale sufuriani muda gani. Ikitoka humo, mtu akipita njiani alikuwa akisimama. Na nilikuwa na nakshi yangu, nyayo za kwale, vidole vitatu vitatu kama ndege amepita mchangani, aliyonirithisha bibi yangu mzaa mama. Hakuna mwingine aliyeisuka. Waliojaribu walipotea katikati wakafumua.

Wakati huo Mejumaa alikuwa kwangu kwa sababu ya uzazi, mumewe yuko Ramisi kwenye miwa. Mjukuu wangu, Riziki, alikuwa na miezi minane. Jamani, kicheko cha mtoto yule! Kilianzia tumboni, kikapanda, kikakwama kidogo kooni kama kinabisha hodi, halafu kikamwagika chote. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa akikisikia naye anacheka peke yake huko huko. Na cha kumchekesha kilikuwa ni kimoja tu, nyekundu. Ukimtikisia miyaa ya kijani, anakutazama tu. Ya manjano, anageuza uso. Nyekundu ikipepea mbele yake, basi, mtaa mzima utajua.

Siku hiyo nilikuwa nikisuka kazi kubwa. Kuna mama mmoja wa Diani anayepamba nyumba za wageni, alikuwa ameniagiza mkeka wa kutundika ukutani. Ukutani! Nikamuuliza, "Mama, watu watalala wamesimama?" Alicheka, akanionyesha kwenye simu picha za kuta za watu zilivyopambwa. Alitaka nyayo za kwale, na nyekundu itawale. Nikasema haya, hata darini nitakusukia.

Nilikwisha kuswali alasiri. Nimekaa barazani, ukili mapajani, fungu la nyekundu kulia kwangu, Riziki amelala chali kwenye mkeka anapiga mateke. Mejumaa yuko jikoni, uani, anakuna nazi. Nikasikia, "Hodi."

Salamu hakuna. Hodi kavu. Nami nikaitikia, "Karibu, karibu," kabla hata sijainua kichwa. Hilo nalo nimeliwaza sana.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba. Najua mnangoja niwaambie nilitazama chini nikaona kwato. Hakuna kwato. Miguu ilikuwa miguu, na ndara za plastiki kama zangu. Kilichonishangaza ni leso zake. Zilikuwa leso kamili, moja kiunoni moja kichwani, zina pindo, zina mji katikati, na maua yamejaa humo, lakini hazina rangi. Si nyeupe, si nyeusi. Zilikuwa jivu tupu, na pale penye jina la leso hapana neno hata moja. Nikajisemea, maskini, zimefuliwa hadi zimechoka. Nikamwonea huruma, wallahi.

"Habari za utokako?" nikamuuliza. Akakaa ukingoni mwa baraza, akaokota uzi mmoja wa miyaa kwenye lile fungu langu, akauzungusha kidoleni.

"Nyekundu nzuri," akasema.

Mashaallah hakusema. Nikaona ni mtu wa bara labda, hakufundishwa. Nikamjibu kama nilivyojibu maisha yangu yote, "Yako hiyo, mwenzangu."

Nikangoja aseme "ishi nayo". Hakusema. Alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Papo hapo nikaona baraza imefifia. Nilidhani wingu limepita juu ya jua, hata nikatazama juu. Mbingu ilikuwa kavu, hapana wingu. Nikarudi kwenye kazi yangu, nikajiambia macho yamechoka, uzee huo.

Akainama kutazama ukili. Akapitisha kidole juu ya nyayo moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayesoma.

"Nakshi nzuri. Ya nani?"

"Ya marehemu bibi yangu," nikasema, na kichwa kimeshavimba kwa sifa. "Ila siku hizi ni yangu peke yangu."

"Nzuri," akasema tena, akanikazia macho.

"Yako hiyo. Karibu."

Mnaweza kuniamini ama msiniamini, lakini vidole vyangu vilisimama palepale. Nilikuwa katikati ya unyayo, nimemaliza kidole cha pili, natafuta cha tatu. Uzi unapita juu ya miwili, unaingia chini ya... chini ya mingapi? Nikaanza upya. Juu ya miwili, chini ya... Nikaujaribu mkono wenyewe, bila kufikiri, kwa maana kazi ya miaka arubaini haikai kichwani, inakaa mkononi. Mkono ukakaa tu pale, umeshika miyaa, kama mkono wa mtu ambaye hajapata kusuka. Bado sikuelewa. Nani angeelewa?

Mejumaa akatoka ndani na gilasi ya maji, kama ipasavyo. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama." Yule mgeni hakusema marahaba. Maji hakuyapokea. Mejumaa akabaki na gilasi mkononi, na kwa sababu ana adabu yake niliyomfinyia, akatafuta neno zuri la kusema.

"Mashaallah, leso yako nyekundu inapendeza! Mama, hebu tazama, hata pindo lake ni nyayo za kwale kama mkeka wako!"

Mgeni akatabasamu tu.

"Nyekundu gani?" nikauliza.

Maana mimi niliona jivu. Nyayo nilikuwa naziona sasa, vidole vitatu vitatu pindoni, na ninawaapia kwamba alipoingia hazikuwapo. Lakini nyekundu sikuiona. Nikageuka kulitazama fungu langu la miyaa. Jivu. Nikalisogeza kwa Mejumaa.

"Hii ina rangi gani?"

"Mama nawe! Nyekundu, si umeipika mwenyewe?"

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Nilimwambia yako hiyo, naye akachukua. Miyaa imebaki nyekundu kwa kila mtu, ila mimi imenitoka. Nakshi imebaki kwenye ukili, ila mkono wangu imeutoka. Mtu huyu haijui heshima yetu, ama anaijua sana. Ukimpa kwa neno, amepata.

Na katikati yetu, kwenye mkeka, amelala Riziki.

"Ingia ndani," nikamwambia Mejumaa.

"Mama, mgeni hajanywa..."

"Ingia jikoni usitoke!"

Akaingia huku amenuna. Na hapa ndipo ninapojilaumu hadi leo. Kwa nini sikumwambia afunge mdomo? Neno moja tu, nyamaza. Niliogopa kulisema mbele ya yule mwanamke, nikaona nitamfungulia njia. Nikamwacha mwanangu aende na adabu yake yote mdomoni.

Yule mwanamke akamwinamia mtoto.

"Mtoto mzuri," akasema.

Nyinyi hamjui ulimi uliozoea ni kitu gani. Wangu ulikuwa umeshainuka wenyewe. Nilikwisha kusema "Wa...", haki ya Mungu, nilikwisha kuisema, nikauuma ulimi kwa meno yangu hadi damu ikajaa kinywani. Nikamvuta Riziki kwa mkono mmoja, nikambana kifuani.

"Huyu si wako," nikasema.

"Mzuri," akasema yeye, taratibu, kama anayemsaidia mtoto aliyesahau somo.

"Si wako! Ana mama, ana baba, ana Mola wake aliyemuumba. Toka barazani kwangu."

"Mzuri sana huyu."

"Toka! Mwanamke huna haya, huna salamu, huna asili! Nani amekuita hapa? Toka!"

Sijapata kumfukuza mgeni maishani mwangu. Hata wauza sabuni nawapa kiti. Aibu ilichanganyika na hofu, sijui ipi kubwa. Kutoka jikoni nikasikia mbuzi ya nazi imenyamaza. Mejumaa alikuwa anasikiliza mama yake anavyomtukana mtu mzima.

Yule mwanamke hakukasirika. Akainuka, akaifunga leso yake vizuri, akashuka baraza, akashika njia ya ukutani mwa nyumba kupitia uani. Mimi nasoma Ayatul Kursi, naichanganya, naanza upya. Alikuwa anakwenda. Hatua kumi, kumi na tano. Nikasema alhamdulillahi, nyekundu na iende, nakshi na iende, mtoto ninaye.

Upepo ukaipeperusha leso.

Riziki alikuwa begani kwangu, uso kule anakokwenda yule. Akaiona ile nyekundu nisiyoweza kuiona mimi, ikipepea. Nikasikia tumbo lake linatikisika kifuani kwangu. Kikapanda, kikakwama kooni, kikamwagika chote.

Yule mwanamke akasimama, hakugeuka. Alikuwa amefika usawa wa dirisha la jikoni.

"Kicheko kizuri," akasema.

Nikafungua kinywa nipige kelele. Lakini Mejumaa alikuwa pale dirishani, mama yake ameshamtia aibu ya kutosha kwa siku moja, anatafuta namna ya kuiosha. Akaniwahi.

"Chako hicho, mama! Utusamehe, karibu tena!"

Kicheko kikakatika. Riziki bado alikuwa amefungua kinywa, fizi zote nje, macho yamejaa furaha, tumbo linaruka. Sauti haikuwapo. Kule njiani, nyuma ya mpapai, nikakisikia kinaendelea, anakwenda nacho mbali.

Sikumpiga Mejumaa, wala sikumgombeza. Alisema nilichomfinyia. Alipoelewa alilia siku tatu, na mimi ndiye niliyekuwa namfuta machozi nikimwambia si kosa lake, na kila nikisema hivyo najua ni kosa la nani. Usiku wa siku ileile nilipokwenda kutema mate niliona damu ya ulimi wangu kwenye kitambaa. Ilikuwa kama maji ya jivu.

Hospitali tulikwenda. Daktari akamtazama koo, akampima masikio, akasema mtoto mzima, atacheka tu akitaka. Mwalimu wa madrasa akamwandikia kombe la aya, tukamnywesha siku saba. Mganga naye tulimfikia, sitaki kudanganya. Riziki leo ana miaka mitatu. Anasema, na maneno yake mengi kama ya mama yake. Analia kama watoto wengine. Lakini akicheka ni mabega tu yanatikisika. Wenzake wakicheza naye hugeuka kumtazama usoni wajue kama amefurahi.

Ule mkeka wa Diani aliumaliza Mejumaa. Alijifunza nyayo za kwale kwa kuzifumua zangu nilizosuka kabla ya siku ile, moja moja, akirudisha. Mimi huchana miyaa na kushona. Rangi wananichagulia watu. Nyanya mbivu na mbichi nazijua kwa kubonyeza.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Ukunda na Riziki, nimemshika mkono. Watu wengi, kelele za wauza mitumba. Nikasikia kicheko nyuma yangu. Cha mtoto wa miezi minane, kinaanzia tumboni, kinakwama kooni. Kabla sijageuka, Riziki alikwisha kugeuka. "Bibi," akaniambia, akinivuta leso. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake.

Nikauona mgongo wa mwanamke mwembamba, leso ya jivu. Nikamshika mkono muuza vitunguu aliyekuwa karibu. "Leso ya yule ina rangi gani?" Akasema, "Nyekundu, mama, kwani huioni?"

Nikamkimbilia. Mtoto mkono mmoja, kikapu mkono wa pili. Nilikuwa nimeliwaza jambo hili miaka yote, kila siku kabla sijalala, kwamba nikimpata nitafanya alivyonifanya. Nikapaza sauti soko zima likageuka.

"Kicheko chako kizuri!"

Akasimama. Nikangoja. Nilikuwa nimeshamkumbatia Riziki, sikio langu nimeliweka kifuani pake. Neno moja tu. Chako hicho. Hata kama ni kwa heshima tu, hata kama hakukusudia.

Akageuza uso nusu.

"Asante," akasema, kwa sauti nzuri kabisa, kama ya wale vijana wa hotelini. Akaingia kwenye watu.

Basi nawaomba nyinyi mnaonisikiliza, na hasa nyinyi mliolelewa kama mimi. Mtu usiyemjua akisifia kitu chako bila mashaallah, usimpe hata kwa mdomo. Sema asante, unyamaze. Watakwambia umeota kiburi, umeiga watu wa Diani. Waache waseme. Mimi wananisema kila siku.

Riziki nimekwisha kumfundisha. Juzi, Idi, jirani yuleyule aliyemsifia mama yake zamani alikuja kututembelea, akamtazama akasema, "Gauni lako zuri, mashaallah." Riziki akajibu, "Asante." Jirani akanigeukia kwa jicho, akingoja nimfinye. Nikampakata mjukuu wangu, nikambusu, nikamwambia vizuri, mama, hivyohivyo. Akafurahi sana. Mabega yakatikisika kifuani kwangu, yakatikisika, na baraza nzima kimya.